Uchambuzi

Sura ya nne ya tasnifu yangu inaitwa Uchambuzi.
Kurasa sitini na mbili, majedwali kumi na saba,
na shukrani, mwanzoni, kwa mama, Bi Mize Shaame,
anayechambua tangu ana miaka saba
na hajatunukiwa kitu na mtu.

Akikaa jamvini, kishada mkononi,
gumba linazunguka mara moja:
karafuu kulia, makonyo kushoto.
Mie nilihitaji miaka mitano na mashine ya Kijerumani
kusema kilichomo ndani ya kile cha kushoto.

Niliporudi niliandika barua tatu.
Ya kwanza haikujibiwa.
Ya pili: nafasi moja, waombaji mia na arubaini na mmoja.
Ya tatu jibu lilikuja kwa simu, sauti ya upole:
"Dokta, tungekuchukua, lakini bajeti..."
akaiacha bajeti ikining'inia kama kanga uani.

Kwetu Konde joho langu jekundu
lilikaa juu ya kabati mwaka na miezi minne,
ndani ya foronya. Nondo hawasomi vyeti.
Majirani walishanipangia kazi.
Saa tano usiku, hodi:
"Dokta, mtoto anaharisha."
Nikasema mie si daktari wa hivyo.
"Wa vipi basi?"
Nimetetea tasnifu mbele ya maprofesa watano;
swali hilo hakuuliza hata mmoja.

Wenzangu wa maabara wametawanyika.
Mcha anapima hatari kwenye kampuni ya bima,
anasema moto wa ghala huenea kwa hesabu ile ile ya bakteria.
Ghanima anaandika sera wizarani, Unguja;
kila sentensi yake hupita meza nane
na ikitoka haina kitenzi.
Machano anatengeneza mashine za hospitali, Mkoani.
Ukimwita Dokta anageuka kumtafuta.
Tunu peke yake ndiye anayefundisha chuo:
wanafunzi mia sita, maikrofoni mbovu,
hunipigia usiku kuniuliza
kama huku kwetu wanaajiri.

Huku kwetu ni kiwandani, mafuta ya makonyo.
Nimepewa koti, buti,
na cheo kirefu kuliko mshahara.
Siku ya kwanza Kombo wa tanuri, kijana wa darasa la saba,
alinusa tone kidoleni: "Hii bado."
Nikawasha mashine. Dakika arubaini.
Bado.
Hakucheka. Akasema,
"Kumbe na yako ina pua."

Mwezi wa tatu alinusa, akasema safi,
na mashine ikakataa.
Mapipa arubaini, meli inangoja.
Nikakataa na mie, magoti yakinicheza.
Meneja akanitazama
kama mtu anavyomtazama daktari
akisubiri aambiwe ana nini.

Basi msinambie kwamba mie ni makonyo,
kilichobaki wenyewe wakishachukua chao,
na kwamba mafuta hutoka huko huko.
Nimeshalisikia kwenye harusi mbili na khitma moja.
Fumbo zuri. Halilipi bodi ya mikopo,
na makonyo hayakuandika barua tatu.

Jana msimamizi wangu kaniandikia: makala yetu vipi?
Nimemjibu: baada ya msimu.
Mama naye kauliza, ya mzigo wa Mtambwe yametoka ngapi?
Asilimia themanini na tisa, nikamwambia.
Akatazama gumba lake.
"Yale nimechambua mimi," akasema,
na akataka nimwandikie.
Nikaandika nyuma ya bahasha. Kaibandika ukutani,
mahali tulipoacha wazi kwa picha ya joho.

Hodi za usiku hazijakoma.
Maji yaliyochemka, lita moja.
Sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko.
Kupima najua.
Kisha nawaambia waende hospitali, Wete, wakamwone daktari.
Wanakwenda.
Wanarudi kunishukuru mimi.